Raba Nilizokutengenezea Bila Kukupima Mguu

Mwanangu Riziki,

Nakuandikia nikiwa barazani, kwenye meza yangu ya kazi, na jua bado halijaishika milima ya Kongo. Leo nimefunga kazi mapema. Huko ndani nakusikia wewe na mama yako mnabishana kama ndoo iende Dodoma au ibaki. Ya ndoo, ya chandarua, ya sabuni na ya kumsalimu shangazi yako kila Ijumaa, mama yako ameyasema yote, tena mara mbili, nami sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu. Linahusu miguu yako, na nimeshindwa kulisema kwa mdomo kwa miaka miwili.

Kazi yangu unaijua. Nashona viatu hapa Ujiji tangu kabla hujazaliwa. Mtu akiniletea kiatu, nikakigeuza na kutazama soli ilivyolika, nilikuwa namwambia, "Wewe unaburuza mguu wa kushoto," au, "Wewe una haraka, unatua kwa vidole." Watu walicheka wakasema huyu mganga. Nikaamini. Nilijiona najua kila kitu kinachotokea kati ya mtu na ardhi. Kumbe nilijua viatu tu. Miguu nilikuwa siijui, na wa kwanza kuyalipia hayo ulikuwa wewe.

Ulikuwa kidato cha tatu. Shule ilipofunguliwa baada ya likizo ulianza kukimbia kila asubuhi, kutoka hapa nyumbani, ukapita Buzebazeba, hadi Kibirizi na kurudi. Kabla ya hapo ulikuwa unakimbia kiwanja cha shule mizunguko michache. Nilifurahi mno. Sikujiuliza mguu unasemaje ukitolewa kwenye mizunguko michache na kupelekwa Kibirizi kwa wiki moja. Niliwaambia wenzangu pale barazani kwamba binti yangu anakimbia kuliko pikipiki.

Halafu asubuhi moja nikakuona unatoka chumbani umeshika ukuta. Hatua tatu za kwanza ulikanyaga kwa ncha ya vidole, kama mtu anayepita juu ya makaa.

"Una nini?" nikauliza.

"Kisigino, Baba. Nikiamka ni kama nimekanyaga msumari."

"Ukishatembea?"

"Kinanyamaza. Halafu jioni kinarudi."

Nikasema hayo ni magonjwa ya kitandani, na mtu akishapata jasho yanaisha. Nilisema bila hata kuinua macho kwenye kiatu cha mteja. Leo nikikumbuka, kinachoniuma zaidi ya jibu lenyewe ni yale macho ambayo sikuyainua.

Wiki chache baadaye zikaja habari kwamba walimu wa kambi ya riadha wangekuja kutoka nje ya mkoa kutazama wanafunzi wakikimbia, na wangechagua wasichana wawili. Hukuwa na raba za maana. Ulikuwa unakimbilia zile nyeusi za shule ambazo soli zake nilikwisha kuzibandika mara nne. Nikakwambia usihangaike, baba yako ni fundi.

Nikaenda kwa rafiki yangu Kassim anayeuza viatu vya mtumba. Alikuwa amefungua belo siku hiyo. Nikaona raba za bluu, safi, kana kwamba hakuna mguu uliowahi kuingia ndani. Zilikuwa namba thelathini na saba. Wewe ulikuwa unavaa thelathini na nane. Nikasema namba moja kwa fundi si kitu. Nikazilowanisha, nikazitia kalibu ya mbao, nikazivuta siku mbili. Nikang'oa kile kitambaa cha ndani chenye ulaini, nikaweka ngozi ngumu niliyoikata mwenyewe, kwa sababu nilikuwa na imani yangu kwamba kisigino kinauma kwa kudekezwa. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Ni jambo nililoliwaza tu, na kwa kuwa nililiwaza mimi, nikaona ni kweli.

Ulipozivaa ulisimama hapa hapa barazani, ukakunja uso.

"Zinabana mbele, Baba."

"Zitalegea."

"Na huku nyuma ni ngumu."

"Ndiyo dawa yenyewe."

Mwalimu wako wa michezo alipita siku moja kabla ya mbio. Alikuwa amekuona ukichechemea. Aliniuliza mimi, siyo wewe, "Mzee, huyu binti mguu wake mzima?" Nikamjibu, "Mzima kabisa." Hili hukulijua, Riziki. Uliniona tu tunazungumza. Nilimdanganya kwa sababu niliogopa atakutoa, na kwa sababu nyingine ambayo ni mbaya zaidi. Nilitaka ushinde ukiwa umevaa raba zangu. Nilitaka watu waulize zile raba za bluu katengeneza nani. Nilishapanga hata namna ya kujibu, kwa sauti ya chini, kama mtu asiyependa sifa.

Siku ile nilisimama pale mwisho wa mbio pamoja na Kassim na wengine wawili. Alipita msichana wa kwanza, akapita wa pili, akapita wa tatu. Kisha ukatokea kwenye kona, na soksi tu, raba zangu umezishika mkononi. Ulikuwa hukimbii tena, unatembea upesi, unakanyaga kwa upande wa nje wa mguu, na soksi ya kulia ilikuwa na damu kwenye kidole cha pili. Ulivuka mstari, ukanijia moja kwa moja mbele ya watu wote, ukanikabidhi.

"Baba, shika viatu vyako."

Hukupaza sauti. Ulinikabidhi kama mtu anavyorudisha kitu alichoazimwa, ukaenda kukaa kivulini kwa wenzako.

Hatukusemeshana siku tatu. Siku ya nne mama yako alisema, "Mmoja wenu ampeleke mwenzake hospitali, sijali nani." Ndipo tulipokwenda.

Unamkumbuka Dada Devota, yule wa mazoezi ya viungo? Nilidhani ataanza na mguu wako. Alianza na mimi, alipojua kwamba mimi ndiye fundi.

"Mguu wake una urefu gani?" akaniuliza.

"Anavaa thelathini na nane."

"Sikuuliza anavaa nini, mzee wangu. Nimeuliza mguu wake una urefu gani."

Nina futi ya chuma mfukoni kila siku ya Mungu, nimepima soli za mji mzima, na sikuwahi kuuweka mguu wa mwanangu juu ya karatasi. Yeye akauweka. Akakusimamisha wima, uzito wote chini, akachora mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Wa kulia ulikuwa mrefu kuliko mwenzake. Na kidole chako kirefu si kile kikubwa, ni cha pili, ndiyo maana ndicho kilichotoka damu. Akasema tena tumekwenda asubuhi, na mguu wa jioni ni mnene kuliko wa asubuhi, kwa hiyo kiatu cha kukimbilia kipimwe jioni, na soksi zile zile za kukimbilia. Raba ambayo ingekufaa ilikuwa thelathini na tisa. Mimi nilikupa thelathini na saba na kalibu ya mbao.

Kisha akabonyeza kisigino chako kwa kidole gumba, kwa ndani kidogo, ukaruka. Akasema ni ule utando wa chini ya unyayo, ulioshikamana na kisigino, umechoshwa. Akasema raba peke yake haikuuleta ugonjwa huo, na raba peke yake haitauondoa. Hapo ndipo mimi nilipoanza kusikiliza kwelikweli, kwa sababu nilikwenda pale nikitafuta kiatu cha kukuponya, nikaambiwa hakuna.

Mama yako husema tangu siku ile niliingiwa na wazimu wa miguu. Ni kweli. Sikujua namna ya kukuomba radhi, nikaanza kuuliza maswali.

Unakumbuka nilivyomwaga maji hapa kwenye saruji na kumwita kila aliyepita akanyage? Nilisikia kwamba ukitazama alama ya unyayo uliolowa unaweza kujua mtu anahitaji raba gani. Nikapata nyayo za mtaa mzima, nikazichora kwenye karatasi. Wengine unyayo wote ulibaki pale chini kama chapati, wengine palibaki kisigino na vidole tu, katikati pakavu. Imamu wetu alikuja akakanyaga, akatazama, akaniuliza, "Sasa hii inasema nini?" Nikamwambia sijui bado. Nilipompelekea Dada Devota michoro yangu yote alicheka mpaka akafuta macho, halafu akaniheshimu, akakaa nayo. Akasema unyayo wa maji unakwambia umbo, haukwambii maumivu. Wapo wenye unyayo wa chapati wanaokimbia mpaka uzeeni bila kuumwa. Nikamuuliza sasa mtu achague kwa kipi? Akasema, "Avae, akimbie kidogo, aseme anajisikiaje." Nilirudi nyumbani nimekasirika. Nilitaka siri, akanipa kitu ambacho wewe ulikwisha kuniambia bure, hapa barazani.

Halafu nikazipasua zile raba za bluu. Hukuuliza zilikwenda wapi. Nilizipasua kwa kisu katikati, kuanzia kisigino mpaka kidole, nione ndani kuna nini. Juu zilikuwa mpya, lakini lile povu la kati lilikuwa limekufa. Nilipolibonyeza halikurudi, na pembeni lilikatika vipande kama mkate wa juzi. Zilikaa mahali miaka, pengine ghalani, zikazeeka bila kutembea. Tangu hapo nikishika raba ya mtumba siangalii rangi. Nabonyeza pembeni kwa gumba, natafuta mikunjo midogo, kisha naikunja nione inapokunjikia. Ikikunjika penye vidole ni sawa, kwa sababu mguu nao unakunjikia hapo. Ikikunjika katikati kama kitabu, naiweka chini.

Na lile kosa la pili unalijua, kwa sababu tulicheka wote. Baada ya ngozi ngumu nikakimbilia upande wa pili, nikakukatia sponji ya godoro, nene, nikaiweka chini ya kisigino. Ulipotembea ulisema raha. Ulipokimbia hadi kwenye kona ukarudi unayumba kama mtu anayetembea kwenye mchanga wa ziwani. Hapo nikajifunza kwamba laini na nzuri si neno moja.

Kibirizi nilikwenda siku nyingi bila kukwambia. Nilikaa pale dagaa wanapoanikwa, nikatazama wabebaji wanavyopandisha magunia kutoka kwenye maboti. Nilishangaa kwamba wengi wamevaa yeboyebo za plastiki zilizokatika, na wanatembea vizuri kuliko mimi. Yupo mama mmoja, Salome, Muha wa huko juu milimani, amebeba mizigo tangu ujana. Nikamuuliza kama miguu inamuuma.

"Inauma mara moja tu kwa mwaka," akasema.

"Lini?"

"Ziwa likifunguliwa."

Nikamwomba anieleze. Akasema ziwa likifungwa lisivuliwe anakaa miezi nyumbani, analima kidogo. Siku likifunguliwa dagaa wanajaa, kila mtu anataka kubeba kama alivyoacha. Mwaka wa kwanza alibeba hivyo, na kwa wiki tatu alikuwa akiamka anatambaa. Siku hizi wiki ya kwanza anabeba nusu, wenzake wakimcheka anawaacha wacheke.

"Viatu hukubadilisha?" nikauliza.

"Viatu ni hivi hivi," akasema, akainua mguu nione.

"Kwa hiyo ni mzigo."

"Ego," akaitikia kwa Kiha. "Ni mzigo na haraka."

Nilirudi kwa miguu njia nzima nikiwaza ile likizo yako na ile wiki moja ya kutoka kiwanjani hadi Kibirizi. Jibu lilikuwa limelala pale sokoni kwenye dagaa, na mimi nilikuwa nalitafuta ndani ya soli.

Ulipona taratibu, nami nilikuwa shahidi. Ulisimama kwenye ngazi ile ya jikoni kila asubuhi, visigino vikining'inia, ukishuka na kupanda. Ulisugua unyayo juu ya chupa ya maji ya barafu mama yako akipika, naye akaanza kufanya hivyo hivyo kwa mguu wake akidai ni kukupa moyo tu. Ulianza na kutembea, ukaja na kukimbia dakika chache, ukarudi nyuma mara mbili, ukalia mara moja ukidhani sikuoni. Ile nafasi ya kambini ilikwenda kwa mwingine na haikurudi. Sitakwambia kwamba ilikuwa heri. Haikuwa heri. Ilikuwa yako, na mimi nilichangia kukunyang'anya. Kwamba leo chuo kimekuita na timu yao imekubali kukutazama, hilo umelipata kwa jasho lako, halifuti kosa langu.

Jumamosi iliyopita uliponiomba tuende wote kwa Kassim kutafuta raba za kwenda nazo, sikulala vizuri kwa furaha na woga. Tulikwenda jioni, kama ulivyotaka. Ulichukua soksi zako kwenye mfuko, na zile raba za zamani ulizopona nazo, ukazigeuza chini, ukamwonyesha Kassim zilivyolika. Ukajaribu jozi ya kwanza ukaitoa. Ya pili ukaitoa. Kassim ananifahamu miaka mingi, alikuwa akinitazama mimi kila ulipotoa mguu, kama anayeuliza huyu binti ana nini leo.

Akakuletea nyekundu, nzuri kweli. Mimi moyo ulishaikubali. Ukasimama, ukasukuma mguu nyuma, ukapima mbele kwa gumba kama kuna nafasi. Ukatembea.

"Kisigino kinapanda nikitembea," ukasema.

"Zitakuzoea," Kassim akasema.

Nikafungua mdomo. Riziki, neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi: zitalegea. Nikalimeza, nikajifanya natazama mikanda. Nawe ukamjibu kwa adabu, "Hapana, Mzee Kassim. Nataka zinizoee sasa hivi, hapa dukani."

Raba za jozi ya tisa zilikuwa za kijivu, mbaya, kama rangi ya samaki aliyekaa siku mbili. Ukazifunga kamba, ukatoka nje, ukakimbia mpaka msikitini na kurudi, watu wakikupisha. Ukasimama mbele yetu unahema.

"Hizi," ukasema.

Kassim alinigeukia. "Fundi, wewe unasemaje?"

"Anayevaa amesema," nikamjibu.

Nilitoka pale na fahari ambayo sijawahi kuwa nayo kwa kiatu chochote nilichokishona.

Huko uendako atatokea mwenye filimbi shingoni atakayekwambia uvumilie. Mara nyingi atakuwa na haki, kwa sababu mchovu na mgonjwa wanafanana kwa mbali. Wewe uko karibu kuliko yeye. Maumivu yanayokuja na kwenda ukipunguza kasi unayajua sasa, umeishi nayo. Lakini mfupa ukiuma mahali pamoja, hata usipokanyaga, au mguu ukivimba au ukafa ganzi, usiende dukani, nenda hospitali, na mbio zikupite. Hilo tu ndilo ninalokuomba kama baba. Mengine umenifundisha wewe.

Nilitaka niishie hapo, lakini yametokea haya ya leo mchana na sina mtu mwingine wa kumwandikia.

Ulikuja hapa mezani na karatasi na kalamu. Ukasema, "Baba, simama hapa." Nikauliza ya nini. Ukasema umepima miguu ya watu wote wa nyumba hii, hata ya bibi, na hujawahi kunipima mimi. Nikacheka, nikasema mimi ni fundi, navaa arobaini na moja tangu nilipooa. Ukaniambia nisimame, uzito wote chini.

Ukapiga magoti, ukanichora mguu wa kulia, kisha wa kushoto, taratibu, unanitekenya kwa ncha ya kalamu. Ukachukua futi yangu ya chuma ukapima mara mbili. Kisha ukakaa chini kwenye saruji, ukaniangalia.

"Baba," ukasema, "wewe ni arobaini na tatu."

Nikakwambia umekosea. Ukapima mbele yangu, nikaona kwa macho yangu. Ukauliza, kwa upole kabisa, "Viatu havijawahi kukubana?" Na mimi nikafikiri, nikafikiri kwelikweli, nikagundua kwamba sijui. Vimenibana muda mrefu kiasi kwamba nilidhani hivyo ndivyo viatu vilivyo.

Sasa Magharibi imeingia, mama yako ameniita mara ya pili. Nimevua viatu. Miguu yangu iko chini hapa kwenye saruji, peku, na ninaitazama kama miguu ya mgeni. Kesho stesheni nitakuja na ndara, kwa sababu sina kiatu hata kimoja kinachonitosha. Watu wakiuliza fundi viatu kaja na ndara kumsindikiza mwanawe, waambie bado anapimwa.

Mungu akutangulie.

Baba yako, mwenye miguu mikubwa.